Kurusha redio kutoka kileleni siku ya mvua

Anza na penseli. Ukipanda Shining Tor, kilele cha huku England, mwezi wa Novemba kurusha redio na kalamu ya wino, utashuka na daftari lenye mabaka ya bluu, na kumbukumbu ya wale watu wanne uliohangaika kuzungumza nao kwa redio itakuwa imefutika yote. Mimi natumia penseli laini, 2B, nimeikata nusu na kuifunga kwa uzi kwenye daftari, na nusu ya pili inakaa mfuko wa koti upande wa kushoto. Daftari lenyewe ni la karatasi isiyopenya maji, linauzwa kwenye maduka ya vifaa vya milimani. Kama hulipati, kata karatasi ngumu ukubwa wa kiganja, itie kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, uandike mkono ukiwa ndani ya mfuko. Nilifanya hivyo mwaka mzima kabla sijanunua daftari.

Nimezaliwa Lushoto, kwa hiyo mvua ya mlimani si ngeni kwangu. Naijua ile inayotanguliwa na ukungu: mti wa mbali unapotea, kisha wa karibu, kisha paa la jirani, ndipo manyunyu yanaanza. Sasa naishi Stockport, kusini mwa Manchester. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na siku yangu ya mapumziko ni Jumanne. Jumanne haichagui hali ya hewa. Ndiyo maana karibu kila ninachokijua kuhusu redio za mlimani nimejifunza nikiwa nimelowa. Nilichojifunza ni kwamba siku ya mvua unafanikiwa kwa kazi uliyoifanya mezani, nyumbani, mikono ikiwa mikavu. Kule juu ubaki na kufungua, kuita, kuandika na kufunga, basi.

Aliyeniingiza kwenye redio ni mzee mmoja niliyekuwa namhudumia, aliyewahi kuwa afisa wa redio melini. Kila jioni aligonga kijiko kwenye kikombe, kifupi, kirefu, kifupi, na mimi nikadhani anataka chai. Kumbe alikuwa anaandika jina langu kwa Morse, ile alfabeti ya milio mifupi na mirefu. Sasa ni marehemu. Namkumbuka kila ninapowasha redio.

Mchezo wenyewe

Unaitwa Summits on the Air, kwa kifupi SOTA. Ulianza Uingereza tarehe 2 Machi 2002, na sasa unachezwa nchi nyingi. Unapanda kilele kilichomo kwenye orodha, unatoa wito kwa redio, na watu walioko majumbani au kwenye vilele vingine wanakujibu. Ukimpata mmoja, umehesabiwa kuwa umerusha kutoka kilele hicho. Ukipata wanne tofauti, unachukua pointi zake, kuanzia 1 hadi 10 kwa kufuata urefu. Kilele kimoja kinakupa pointi mara moja tu kwa mwaka. Huku England, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, vilele vya mita 500 kwenda juu vinaongezewa pointi 3 za majira ya baridi. Ukifikisha pointi 1,000 unaitwa Mountain Goat, yaani mbuzi wa milimani. Mimi nina 212, na sina haraka.

Kila kilele kina namba yake. Shining Tor ni G/SP-004: G ni England, SP ni Southern Pennines, na 004 ni nafasi yake kwenye orodha ya eneo hilo. Namba hiyo utaitamka hewani mara nyingi kuliko jina lako, basi iandike kwa penseli juu ya ukurasa kabla hujatoka nyumbani. Ukishapoa mwili, namba zinapotea kichwani.

Kuna masharti mawili ya kuyajua vizuri. La kwanza, vifaa vyote uvibebe mwenyewe hadi juu, na huruhusiwi kurusha ukiwa ndani ya gari au ukitegemea gari kwa chochote. Ripita nazo hazihesabiwi, yaani vile vituo vya juu ya minara vinavyopokea sauti yako na kuirusha upya. La pili ndilo limeniokoa mara nyingi: si lazima ukae kwenye ncha ya kilele. Unaruhusiwa kushuka hadi mita 25 za kimo, mradi katikati yenu, wewe na kilele, ardhi haishuki chini ya hapo. Wageni wengi wanakaa kwenye nguzo ya wapimaji, upepo unawapiga kifuani, mvua inawaingia shingoni, eti ndipo juu kabisa. Shuka upande usio na upepo. Mawimbi ya HF, yale ya masafa ya chini yanayofika mbali sana, hayatajali kabisa, na yale ya mita 2 (huo ni urefu wa wimbi), ya masafa ya juu zaidi, yatajali kidogo tu.

Leseni ya redio ya ridhaa sitaizungumzia sana. Hapa Uingereza unaanza na ya Foundation: mtihani wa maswali 26 ya kuchagua, unatakiwa kupata 19, unasimamiwa na RSGB, chama cha redio ya ridhaa, kisha Ofcom, mamlaka ya mawasiliano, wanakupa alama yako ya wito, yaani herufi na tarakimu za kukutambulisha hewani, bila malipo ukiomba kwa mtandao. Tangu 2024 mwenye Foundation anaruhusiwa hadi wati 25, na mlimani hutazihitaji zote. Ila leseni hiyo isikudanganye ukienda likizo nyumbani. Tanzania ukitaka kurusha uende TCRA, Kenya uende CA, ndizo mamlaka za mawasiliano za huko, na ukipewa alama ya wito itaanza na 5H au 5Z. Redio ya ridhaa bila leseni ni kosa kila mahali, na forodhani ndipo huwa mtu anagundua.

Kuchagua siku, na suala la saa

Mvua pekee hainizuii. Vinavyonizuia ni umeme wa radi na upepo. Utabiri wa milimani wa MWIS unakuambia upepo wa kileleni, sio wa mjini, na tofauti yake ni kubwa. Upepo ukitajwa maili 40 kwa saa, nakaa nyumbani, kwa sababu ufito wa antena hausimami na mimi pia sisimami vizuri. Radi ikitajwa hata kama jambo la kubahatisha, nakaa nyumbani. Unapokwenda kusimamisha waya kwenye sehemu iliyo juu kuliko zote, hilo halina mjadala.

Kwa mara ya kwanza ya mvua, chagua kilele kifupi unachokijua. The Cloud, juu ya Congleton, ina mita 343 na pointi 1, na unaweza kuwa umesharudi kwenye gari ndani ya saa mbili. Shining Tor ina mita 559. Napaki karibu na jengo la Cat and Fiddle kando ya barabara ya A537, ambako tayari ni mita 515, kwa hiyo sehemu kubwa ya kimo imeshapandwa na gari. Pima muda kwa kanuni ya Naismith: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Halafu mimi naongeza robo ya muda huo kwa ajili ya matope.

Ukishapanga, tangaza safari kwenye SOTAwatch, tovuti ya mchezo huu, usiku wa kabla yake: kilele, masafa, na saa utakayoanza. Hii ni muhimu zaidi siku ya mvua kuliko siku ya jua. Watu wakijua unakuja watakuwa wamekaa wanakusubiri, na badala ya kuita dakika arobaini ukitetemeka, utapata wanne wako ndani ya kumi.

Saa inayotumika ni UTC, ile saa moja ya dunia nzima, na hapa sisi tunaohesabu saa Kiswahili lazima tuwe makini. Mara ya kwanza nilipanga kuanza saa nne asubuhi, nikajaza 0400. Nilipofika juu hakukuwa na mtu, maana aliyeamka kunisubiri alishanisubiri alfajiri akachoka. Kwa mtu aliyeko Uingereza majira ya baridi, chukua saa ya Kiswahili ya mchana uongeze 6: saa nne ni 1000. Majira ya joto, saa za hapa zikishasogezwa mbele, ongeza 5: saa nne ni 0900. Na kwa aliyeko Afrika Mashariki, ongeza 3: saa nne ya Lushoto ni 0700. Mimi nimenunua saa ya mkononi ya bei ndogo, nimeiweka UTC, siigusi.

Vifaa, na namna maji yanavyoingia

Siku ya mvua nabeba redio mbili. Ya kwanza ni redio ya mkono ya mita 2, FM, wati 5. Ya pili ni Yaesu FT-818, wati 6, kwa ajili ya HF. Kama ndiyo unaanza, chukua ya mkono peke yake. Kutoka mita 559, upeo wa redio juu ya nchi tambarare unafika karibu kilomita 97, na magharibi ya Shining Tor kuna tambarare ya Cheshire yote, hadi upande wa Liverpool. Wati 5 zinatosha kabisa. Siku ya jua utaliona hata sahani la Lovell, ile darubini ya redio pale Jodrell Bank, lenye kipenyo cha mita 76, linasikiliza nyota tangu 1957. Siku ya mvua huoni hata buti lako, lakini najua liko pale, na hilo linanifurahisha.

Antena fupi ya mpira inayokuja na redio iache mfukoni kama akiba. Tumia ya waya ya kukunja, ile ndefu ya kama mita moja na nusu, uitundike wima kwenye ufito. Tofauti yake utaisikia kwa masikio yako. Na ujue kwamba redio ndogo za bei nafuu zinazibwa masikio ukiwa karibu na minara mikubwa. Pale Winter Hill, juu ya Bolton, kuna mnara wa karibu mita 309, na redio yangu ya kwanza ilikuwa bubu na kiziwi kwa pamoja. Nilisogea nyuma ya mwinuko, mwili wangu ukiwa kati ya redio na mnara, ndipo nikasikia watu.

Kwa HF natumia dipole ya waya, inayoinuliwa katikati na ufito wa faiba wa mita 6, miguu yake miwili ikishuka kama paa la kibanda. Urefu wote kwa mita ni 143 gawanya kwa masafa ya megahezi. Kwa 14.285 inakuwa mita 10, yaani mita 5 kila mguu. Kwa mawimbi ya mita 40, ambako ndiko utakakowapata Waingereza na watu wa nchi za karibu za Ulaya mchana, ni kama mita 10 kila mguu. Mimi nimeweka kiungo kwenye kila mguu cha kuunganisha na kutenganisha, ili waya mmoja ufanye kazi zote mbili. Ufito uwe wa faiba ya kioo. Ule wa kaboni unapitisha umeme na utaiharibu antena.

Waya ukilowa, masafa yake yanashuka kidogo. Usihangaike nayo. SWR, kile kipimo cha jinsi antena inavyopatana na redio, ikiwa chini ya 2, endelea. Kinachohitaji macho ni ncha za waya zisilale kwenye majani mabichi, basi funga uzi wa nailoni wa mita mbili kila ncha, ndio uushikize chini kwa kigingi.

Sasa maji. Kwa uzoefu wangu, mvua inayotoka juu ni rahisi kuizuia. Maji yanayoua redio yanapita njia mbili: mikono yako, na waya.

Waya kwanza. Tone linaanguka juu ya ufito, linashika waya wa antena, linateremka nao taratibu kama mtu anayeshuka ngazi, na mwisho wa ngazi ni soketi ya redio yako. Nimekaa nikalitazama likifanya hivyo. Dawa yake ni kuuacha waya uning'inie chini kuliko redio, kiasi cha shubiri moja, kabla haujapanda tena kuingia kwenye soketi. Tone likifika pale chini kabisa linashindwa kupanda, linadondoka kwenye nyasi. Ukilifanya hilo tu, umeshazuia nusu ya matatizo. Maungio ya juu ya ufito yafunge nyumbani kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe.

Mikono sasa. Nabeba kipande cha kanga kuukuu, robo ya kanga, ndani ya mfuko usiopenya maji pamoja na redio. Kanga iliyofuliwa miaka mingi inanyonya maji kuliko taulo lolote la dukani, na inakunjwa ikawa ndogo kama leso. Kabla sijagusa redio nafuta mikono, nafuta pua, nafuta nywele za mbele, maana hizo ndizo zinazodondosha. Kisha naigusa redio. Nikitoka kuugusa ufito, nafuta tena. Itakuudhi mwanzoni, lakini fanya.

Redio ya HF inafanya kazi ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoona, mkubwa, mdomo wake ukitazama chini. Vitufe navibonyeza juu ya plastiki. Maikrofoni nayo ina mfuko wake mdogo wenye zipu, na waya unatoka kwenye kona ya chini. Sauti inapita kwenye plastiki nyembamba vizuri. Nilijaribu na rafiki hewani kabla ya kwenda mlimani, akaniambia hasikii tofauti. Ishike pembeni ya mdomo, si mbele yake, maana pumzi nayo ni maji. Nayasema haya kwa sababu siku moja maikrofoni yangu iliingia maji, kitufe cha kuongelea kikagandia, na redio ikawa inarusha yenyewe kwenye masafa ya kuitana bila mimi kujua. Watu hawakuweza kutumia masafa yale dakika kadhaa. Tangu hapo, kwenye menyu ya redio nimeweka kikomo cha dakika 2: nikirusha kupita hapo, inajizima. Weka na wewe, leo.

Betri yangu ni ya LiFePO4, ya saa-ampea 3, na inatosha asubuhi nzima. Baridi inapunguza nguvu zake, kwa hiyo nikiwa njiani inakaa ndani ya koti, karibu na tumbo. Usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Ipashe moto chumbani kwanza.

Simu usiitegemee. Kioo kikilowa, kidole hakijulikani. Nakala ya njia ipige kwenye karatasi, na ramani iwe ya kweli: kwa Shining Tor ni OS Explorer OL24. Dira na filimbi vikae shingoni.

Nguo sitaziorodhesha, ila jinzi na fulana ya pamba ziache nyumbani. Zikilowa zinanyonya joto la mwili na hazikauki. Sufu au nguo za michezo za nailoni ndani, koti la mvua na suruali ya mvua juu, na fulana moja nzito ambayo huivai wakati wa kupanda. Hiyo unaivaa ukifika, kabla hujafungua chochote. Mtu anayepanda ana joto. Mtu anayekaa na redio hana. Glavu jozi mbili, godoro dogo la kukalia, na chupa ya chai ya tangawizi. Maandazi ni chakula kizuri cha kileleni kwa sababu yanashikika na glavu.

Juu

Ukifika, usifungue mkoba. Simama, tafuta upepo unatoka wapi, kisha tafuta ukuta. Shining Tor ina ukuta wa mawe unaopita kwenye mgongo wa mlima, na siku nyingi upepo unatoka magharibi, basi nakaa mashariki ya ukuta, mgongo ukigusa mawe. Navaa fulana. Nakunywa chai nusu kikombe. Hapo ndipo naanza.

Mpangilio wangu haubadiliki: ufito kwanza, nimeufunga kwenye nguzo ya uzio kwa kamba mbili za velkro, si kwa fundo, maana fundo lililolowa halifunguki kwa vidole vya baridi. Waya pili. Soketi tatu. Redio mwisho kabisa, kutoka kwenye mfuko mkavu kwenda kwenye mfuko wa plastiki bila kupitia mvuani. Mpangilio huu nimeufanyia mazoezi kwenye ua nyuma ya nyumba, usiku, nikiwa nimevaa glavu na nimefumba macho. Jirani alinichungulia dirishani. Fanya hivyo mara tatu, uone jinsi kileleni mikono itakavyojiongoza.

Kwenye mita 2 anza na 145.500, masafa ya kuitana. Sikiliza kwanza masafa mengine, tuseme 145.450, yako wazi? Uliza mara mbili kama kuna mtu. Kisha rudi 145.500 uite: "CQ SOTA, CQ SOTA" (CQ ni wito kwa yeyote anayesikia), alama yako ya wito herufi kwa herufi kwa ile alfabeti ya kimataifa, Alpha, Bravo, Charlie, na namba ya kilele. Mtu akijibu, mwambie mhamie 145.450, na wengine watawafuata huko. Usikae ukapiga soga kwenye masafa ya kuitana.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi: alama zenu mbili, na ripoti ya mawimbi. Tarakimu ya kwanza ni jinsi maneno yanavyoeleweka, 1 hadi 5. Ya pili ni nguvu, 1 hadi 9. Sema unachokisikia kweli. Wapo wanaompa kila mtu 59 hata kama wamemuuliza alama yake mara nne, na mimi siwapendi hao, maana mwenzako anataka kujua antena yake inafanyaje. Andika saa ya UTC, alama yake, ripoti uliyotoa na uliyopewa. Akiwa naye yuko kileleni, andika namba ya kilele chake. Mawasiliano ya kilele kwa kilele yana hesabu yake, na pia ni furaha ya pekee kumsikia mtu mwingine upepo ukimvumia kwenye maikrofoni.

Andika kabla hujajibu anayefuata. Ukiwa na baridi utajiambia utakumbuka.

Sasa sikiliza spika. Matone ya mvua, na zaidi chembe za theluji, huja na chaji ya umeme, na zikigusa waya unasikia mchakacho kama mafuta yanayokaangia vitumbua. Mara nyingi unapita na wingu lake. Ila mchakacho huo ukizidi mfululizo, au ufito ukianza kuvuma, au nywele zikakusimama, au ukasikia ngurumo hata moja ya mbali, shusha kila kitu na uondoke kwenye mgongo wa mlima. Usimalize mtu wa nne. Mimi nimewahi kushuka na watatu.

Baridi ya mwili inakuja kimya kuliko radi, na redio itakuonya ukijua kuisikiliza. Siku moja nilikuwa juu na mdogo wangu. Mtu wa Wales aliniuliza alama yangu ya wito mara tatu, nikakasirika nikasema redio yake mbovu. Mdogo wangu akaniangalia.

"Dada, mbona unaongea kama mtu aliyetoka kung'olewa jino?"

Nilitaka kumjibu, midomo ikawa mizito. Nikajaribu kufungua soketi, kidole gumba hakikunitii. Alinifungia vifaa yeye, akanivalisha glavu zake, tukashuka. Tangu siku hiyo nina kanuni: ukiulizwa alama yako mara mbili mfululizo na mtu anayesikika vizuri, tatizo huenda ni mdomo wako. Zima, simama, tembea, kunywa chai. Kama vidole haviwezi kugusana, kidole gumba na kidole cha mwisho, siku imekwisha. Dakika 30 za kukaa ndizo kikomo changu kwenye mvua, nikipata wanne au nisipate.

Na ukiumia: Uingereza piga 999, omba polisi, kisha waambie unahitaji waokoaji wa milimani. Mtandao wa simu mara nyingi ni dhaifu, kwa hiyo kabla ya safari tuma neno "register" kwenda 999 ili uweze kuwaandikia ujumbe. Filimbi sita kwa dakika, pumzika dakika moja, rudia. Na una redio mkononi: mtu yeyote anayekusikia anaweza kukupigia simu hiyo.

Ukirudi

Usiingie kitandani kabla hujafungua mkoba, hata kama mifupa inakuomba. Mfuko usiopenya maji hauyaruhusu kuingia, lakini hauyaruhusu kutoka pia, na unyevu uliofungiwa humo usiku mmoja utaanza kula soketi. Natoa redio, natoa betri, nafungua kila kifuniko, naviweka mezani mbali na hita. Joto kali la ghafla linavuta ukungu ndani ya kioo. Ufito nauchomoa kipande kwa kipande na kuvisimamisha bafuni, vinginevyo vinagandana na hutavitenganisha tena bila kuvivunja. Waya naunyoosha wote kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye ngazi na kuupitisha ndani ya kanga, mita kwa mita. Hapo ndipo vidole vinagundua mahali plastiki ilipochubuka.

Chai ya pili ikiwa tayari, nakaa na daftari na kuingiza mawasiliano kwenye hifadhidata ya SOTA. Yafanye usiku huohuo, kwa sababu yule aliyekujibu naye anaingiza yake, na penseli iliyolowa inasomeka vizuri zaidi wakati bado unakumbuka sauti. Jumanne iliyopita nilikuwa na saba. Wa tano alama yake ilikuwa nusu tu, tone limeichukua herufi ya mwisho. Nilikumbuka alivyoitamka, kwa kuvuta, Yankee, nikaijaza.